Marehemu Hakuacha Migomba Yake

Mara ya kwanza nilipomwona marehemu mume wangu kibanjani, kwenye migomba yetu, nilimsalimia nikidhani ni kibarua. Ilikuwa mchana, jua kali, nami nimetoka jikoni na ungo wa maganda ya ndizi kwenda kuwatupia mbuzi. Mtu amenipa mgongo, amevaa lile koti la suti lililochanika viwiko, anatoa majani makavu kwenye mgomba na kuyalaza chini taratibu. Koti lile lilikuwa la mume wangu la kazi, na baada ya msiba nilimpa kibarua mmoja Mrundi aliyetulimia maharage, akaondoka nalo kwao. Nikajua amerudi kutafuta kazi.

"Habari za siku nyingi," nikamwambia. "Mbona umeanza kazi bila kubisha hodi?"

Yeye akaenda mgomba wa pili, akauinamia kuchungulia shina, kisha akageuza kichwa kidogo, nikaliona sikio. Sikio la kushoto, lililokatika ncha. Sikio lile nimelala nalo kitanda kimoja tangu nilipoolewa mpaka tulipomzika, siwezi kulisahau. Ungo ukaniponyoka. Nilipomaliza kuokota maganda na kuinua macho, hapakuwa na mtu, ila majani makavu yamelazwa chini kama alivyokuwa akiyalaza yeye, shina la jani likielekea mteremko.

Nilikaa chini palepale kwenye maganda. Sikupiga kelele. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, Mungu anisamehe, kilikuwa hasira kwamba tulimzika na suti mpya ya kijivu na yeye amerudi na lile koti bovu.

Huku kwetu Mabira wafu hawaendi mbali. Mtu anazikwa nyuma ya nyumba yake, ndani ya kibanja chake, katikati ya migomba na mibuni aliyoihangaikia, na watoto wanaanika nguo juu ya kaburi wakikosa kamba. Kwa hiyo si kwamba nilishangaa sana yuko pale. Yupo pale kweli, mita chache kutoka jikoni, chini ya saruji. Kilichonichanganya ni kwamba alikuwa amenyamaza tangu tumzike, mvua zikanyesha, zikakata, zikanyesha tena, sikuota hata ndoto moja yenye uso wake. Halafu aibuke wiki ileile niliyoposwa.

Ndiyo, niliposwa. Mwanamke mwenye mvi na goti linalolia akipanda mlima.

Aliyenitaka nilimfahamu tangu ujana. Babu zake walikuja na ng'ombe kutoka upande wa Rwanda, na watoto wao wakazaliwa hapahapa, wakasoma hapahapa, wakabatizwa kanisa moja na sisi. Tulipendana nikiwa msichana ninayebeba maji kichwani bila kuyamwaga. Alikuwa akichunga karibu na kisima makusudi. Alipomtuma mjomba wake nyumbani kwetu kuniulizia, baba yangu alimpa kiti, akampa kahawa ya kutafuna, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mna kibanja?" Hawakuwa nacho. Walikuwa na ng'ombe wazuri sana, wa kuhamahama. Mgeni alipoondoka baba akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "mtu asiye na kibanja atakuzika wapi? Kwenye kwato?"

Mwaka uleule nikaolewa na mwenye kibanja.

Sitaki mtu adhani niliteswa. Mume wangu hakuwa mlevi, hakunipiga, na watoto wetu walishiba. Lakini alikuwa anaamka anakwenda kuisalimu migomba kwanza, ndipo anarudi kuniuliza nimeamkaje. Alijua kila mgomba ulivyo, upi mama, upi binti, upi mjukuu, maana kwenye kila shina unaacha vizazi vitatu tu na vingine unaving'oa. Nikikata jani la kufunikia chungu kwenye mgomba asioutaka, tulikuwa hatuongei mpaka jioni. Nikishika jembe karibu na mizizi, ole wangu. "Unaichoma kisu mgongoni," alikuwa akisema. Mgongo wangu mimi ulikuwa unauma miaka yote ile na sikumbuki kama uliwahi kumhuzunisha hivyo.

Huyu wa ng'ombe nilikutana naye tena gulioni Omurushaka. Nilikuwa nimekwenda kuuza maharage, jua limeniwakia, nikaingia kwenye kiduka cha maziwa kupoza koo. Mwenye duka akaniwekea kikombe cha mtindi mezani, hakuondoka. Akasimama ananitazama.

"Wewe bado unakunywa ukifumba macho," akasema.

Mawe, mama yangu! Mtindi ulinipitia puani. Alikuwa ameota kitambi, nywele zimekimbia, lakini sauti ilikuwa ileile ya kisimani. Mke wake naye alikuwa amefariki. Watoto wake wakubwa, wa kwangu wakubwa. Tukaongea mpaka maharage yangu yakakosa mnunuzi siku ile, nikarudi nayo nyumbani na sikujali. Baada ya hapo nikawa na safari za Omurushaka zisizoeleweka. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi nilikohoa Mabira nzima ikasikia.

Siku aliyonitamkia alikuwa anasafisha madumu ya maziwa. Hakupiga magoti wala nini. Alisema, "Mama, ya kale hayanuki. Njoo tukae wote. Nyuma ya duka kuna nyumba, ina bati jipya na sola."

"Nitafikiri," nikamjibu. Ndipo nikarudi nyumbani, na kabla wiki haijaisha nikaliona lile sikio.

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anakaa ng'ambo ya njia. Si mtu mbaya. Alikuja akaketi barazani, akasafisha koo, akasema, "Shemeji, sisi hatukufungi. Ukitaka kuolewa, olewa. Ila kibanja cha ukoo hakitembei. Ukitoka, umetoka." Nilimwelewa. Nikibaki mjane, nyumba, migomba, kahawa na ile nafasi iliyoachwa kando ya kaburi ni vyangu mpaka kufa. Nikienda Omurushaka ninabeba godoro na sufuria zangu, basi. Na ukishatoka kwenye kibanja cha watu huwezi kurudi, hata yule wa maziwa akinichoka, hata akifa mwezi ujao.

Ningekuwa na akili timamu ningekaa chini nikapima. Lakini utapima vipi wakati marehemu anapita dirishani?

Maana alianza kuja karibu kila mchana. Nikimenya ndizi, namwona kule chini kwenye mibuni. Nikianua nguo, yuko ng'ambo ya kaburi lake mwenyewe, anaegemeza mgomba uliolemewa na mkungu. Hakuwa anatisha. Hakuwa na macho mekundu wala kucha. Alikuwa kama alivyokuwa siku yoyote ya Jumanne, mtu na kazi zake. Nilimwendea mchungaji, akaniambia niombe na nisome zaburi. Nikaomba. Kesho yake akawepo tena, karibu na choo.

Nikampigia simu binti yangu, ana kazi ya ofisi kule Rubwera na amezoea kuulizwa maswali na watu waliochanganyikiwa.

"Baba yako anatembea kibanjani," nikamwambia.

"Anasema nini?" akauliza.

"Hasemi. Mimi nafikiri hataki niolewe."

"Mama, na wewe unataka nini?"

Nikakata simu nikasingizia mtandao. Kama ningejua ninachotaka ningempigia yeye?

Shemeji aliposikia, aliridhika sana. "Si unaona?" akasema. "Kaka ameweka pingamizi." Na kweli nusu ya moyo wangu ilifurahi, hilo nalisema waziwazi. Nililala na yule mtu nikamzalia, nikampikia, nikamuuguza, na sikuwahi kumwona ana wivu hata kidogo. Niliposhinda arusini nikicheza na binamu zake, alikwenda zake kulala. Leo eti ametoka kaburini kwa ajili yangu. Nilianza kuchana nywele kabla ya kwenda kumenya ndizi. Nilijipaka mafuta. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, nilijiambia, na nikawa natoka nje mchana na kanga mpya, mimi mchumba wa mtu, kwenda kuonwa na marehemu. Hapo ndipo nilipofikia.

Yule wa Omurushaka akachoka kungoja jibu. Jumapili moja baada ya ibada akaja mwenyewe kwa bodaboda, ameshika dumu dogo la mtindi, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Nikamweka barazani. Nilimwambia yote, hata kanga nilimwambia. Nilitegemea acheke au akimbie.

"Yuko sasa hivi?" akauliza.

Nikatazama. Alikuwepo, amekaa ukingoni mwa kaburi lake, uso kwetu lakini macho chini, ananoa kisu chake cha kupogolea kwenye saruji.

"Yuko."

Mtu mzima yule akainuka, akavua kofia, akaielekea migomba, upande ambao siyo kabisa, akasema kwa heshima, "Habari za kazi, bwana. Nimekuja kwa amani." Kisha akaketi na kunong'ona, "Amejibu?"

Nilimpenda pale. Kama kuna saa ninayoweza kuionyesha, ni ile, na kofia yake magotini. Lakini bado sikujua, kwa sababu mtu anaweza kupenda huku akiwa hajui, na mimi nilikuwa hivyo. Nikasema moyoni nitampima marehemu. Nikaunyosha mkono nikaushika mkono wa mgeni wangu, hadharani, mchana, mbele ya kaburi. Nikaubana. Nikamtazama mume wangu.

Ananoa kisu.

Nikauweka mkono wa mgeni shavuni kwangu. Jirani angepita siku ile ningehama mkoa. Marehemu akajaribu makali kwa kidole gumba, akaendelea kunoa.

Nikauachia ule mkono. Aibu na hasira vilinipanda pamoja, sikujua nimwonee nani. Nikasimama nikasema naenda kukata mkungu mmoja mgeni aende nao, maana huku kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Yeye kwa wema akaninyang'anya panga. "Kaa, mama. Mimi nipo kwa nini?"

Huyu mtu ni wa ng'ombe. Akikuambia ng'ombe ana homa, ana homa. Lakini mgomba hajawahi kuukata maishani, na mimi niliyekuwa na mambo yangu kichwani sikukumbuka kumwelekeza. Mgomba unautia jeraha katikati, nusu tu, unainama wenyewe polepole kama mtu anayesalimia, nawe unaupokea mkungu mikononi. Yeye aliukata chini kabisa, kama mtu anayekata kuni. Ukaanguka wote kwa kishindo. Ukaangukia binti yake, ule uliokuwa karibu kuchanua, ukauvunja, na wote wawili wakamlalia mjukuu.

Marehemu akainuka.

Sijawahi kumwona akienda mbio vile, hata nyumba ya jirani ilipoungua. Alipita katikati yetu wawili, nikasikia harufu ya utomvu wa ndizi na jasho lake, ile harufu ya koti. Akachutama. Akaufukua ule mche mdogo uliopondeka, akauinua kwa mikono miwili, akaushikilia usimame. Uso wake niliuona vizuri sasa. Ni uso niliousubiri tangu niingie nyumba ile kama bibi harusi. Alikuwa anaumia. Alikuwa anapenda, anaumia.

"Na mimi je?" nikapiga kelele. "Na mimi? Mimi sikuvunjika?"

Mgeni wangu akalitupa panga. "Nisamehe, mama," akasema, ametoka jasho. "Sikujua. Ni mgomba tu, nitakulipa mwingine."

Nilikaa juu ya ule mgomba ulioanguka nikawa nacheka na kulia kwa zamu, na yeye akasimama na kofia yake hajui ashike wapi. Marehemu hakugeuka. Alikuwa anakusanyia udongo kwenye shina la ule mche. Mgeni akaniuliza kama aondoke. Nikamwambia aondoke. Akanyanyua mkungu, akaanza kwenda, nikamwita. Nikamwambia aje Jumamosi na pikipiki ya kubebea godoro.

Sikumwambia kwa furaha, na sitaki nisifiwe ujasiri. Nilimwambia kwa hasira. Shemeji nilimkabidhi funguo nikimkaripia kama yeye ndiye aliyenikosea. Wiki ile nilifunga vyombo, nikavifungua, nikavifunga. Asubuhi nasema naenda, mchana nasema mwanamke gani anaacha kaburi lake na nyumba yake afuate mtindi. Marehemu sikumwona hata siku moja, na hilo likanichanganya zaidi. Nikaanza kuwaza labda sikumwelewa. Labda ule mche ndio ilikuwa njia yake ya kusema. Mwanamume wa huku hakuambii maneno matamu, anakuletea mkungu mzuri. Labda miaka yote ile alipokuwa akiinamia migomba ile alikuwa ananipenda mimi kwa mikono yake, na mimi nikasubiri anigeukie nikaona sikio tu. Niliwaza hivyo mpaka kichwa kikauma, kisha nikawaza kinyume chake, nikaona nacho ni kweli.

Jumamosi ikafika. Godoro lilitangulia. Yule wa Omurushaka alikuwa ananingoja kule juu barabarani, maana pikipiki haishuki mpaka nyumbani mvua ikinyesha. Mimi nilibaki na furushi la mwisho, sufuria na nguo. Nikajitwika. Kuna njia mbili za kufika barabarani: ya mbele, pana, inayopita kwa shemeji, na kijia cha nyuma kinachokata kibanja katikati. Nilishika ya nyuma. Nitasema kwa nini, maana sijamwambia mtu. Nilitaka anizuie. Nilitaka, mara moja tu, asimame njiani aseme usiende. Ningelitua lile furushi. Wallahi, ningelitua, na yule mwema wa watu angengoja barabarani mpaka jua lizame.

Na alikuwepo. Amesimama katikati ya kijia, pale kinapobana kati ya mibuni, kisu mkononi, koti lake bovu. Mara hii alikuwa ananitazama, mimi hasa. Nikapunguza mwendo. Sufuria zikagongana kichwani. Tukatazamana kwa karibu kiasi kwamba ningemgusa.

Akatoka njiani. Alirudi nyuma hatua, akaingia kwenye mibuni, akakishusha kisu kisinikwaruze, kama anavyofanya mtu yeyote mstaarabu akikutana na mwanamke aliyejitwika mzigo kwenye njia nyembamba. Akaniinamishia kichwa kidogo, heshima tu. Sijui kama alikuwa ananiruhusu au alikuwa ameshanisahau mimi ni nani. Nimemuuliza mume wangu wa sasa, anasema ni ruhusa, lakini yeye ni mtu mwema na angesema hivyo hata isingekuwa. Binti yangu anasema pale palikuwa na uchovu na mvua, hapakuwa na mtu.

Nilipita. Bega langu lilikaribia kumgusa kifuani. Na kwa sababu sikujua niseme nini, nilimwambia, "Asante," kama unavyomwambia mtu usiyemjua, nikapanda kwenda barabarani.